Mibetula Isiyolia

Kwa habari za Dolina, Mzee Torquil alikuwa anapika gongo.

Alilisema hilo kwenye gari la duka, siku linapopita kijijini Ardbeith, mkate kwapani, sauti ameishusha kiasi cha kusikika na kila mtu aliyekuwa kwenye foleni.

"Mzee wa kanisa," alisema. "Huyu huyu anayetuombea mpaka viazi vinapoa nyumbani. Anapanda mlimani na beleshi na gunia tupu, anashuka gunia limejaa, linachuruzika maji, kalikumbatia kama mtoto mchanga. Anaingia nyuma ya zizi, anafunga lango. Sasa niambieni. Ng'ombe wake alikufa zamani. Lango anamfungia nani?"

Hakuna aliyeondoka. Mwenye gari alikuwa anakata jibini, kisu kikabaki hewani. Mtu mmoja alisema taratibu kwamba babu zetu walipika wiski kule juu kwenye mapango, na maji ya kule yanajulikana kwa utamu wake. Mwingine akasema kama ni kweli basi ni aibu kubwa, kisha akauliza kama Dolina ana fununu ya anamuuzia nani.

Kusema kweli habari ile iliwafurahisha, wala si kwa ubaya. Kuna raha yake kusikia kwamba mtu aliyenyooka kukupita na yeye ana mahali alipopinda.

Effie alikuwa mwisho wa foleni, amempakata mtoto wake Marsali kiunoni, anasikiliza bila kusema. Alikuwa mke wa Duncan, mpwa wa Dolina, na alikuwa ameolewa kutoka upande wa mashariki, kwa hiyo bado walimwita bibi harusi ingawa mtoto alishaota meno. Si desturi yake kushabikia umbea. Ila huu, moyoni, aliuombea uwe kweli.

Alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa nepi.

Jumapili Ardbeith haiguswi. Maji huchotwa Jumamosi, viazi humenywa Jumamosi, wanaume hunyoa ndevu Jumamosi hata kama zitakuwa zimeota tena kabla ya ibada. Jumapili mtu huenda kanisani, hurudi, hula kilichopoa, hukaa. Kinachoruhusiwa ni kazi za lazima na za huruma, na hapo ndipo penye kazi, maana lazima ya huyu si lazima ya yule. Mashua ikikatika kamba, je? Kuni zikiisha na bibi mgonjwa yumo ndani, je? Maswali hayo yalikuwa yakipelekwa kwa Mzee Torquil MacAskill, mkongwe kupita wazee wote wa kanisa. Yeye huyapokea amesimama, kofia mkononi, na hujibu polepole kama mtu anayepima unga wa mwenzake.

Dolina alishampelekea swali. Alikuwa amejijengea kibanda cha vioo kwa madirisha ya zamani ya shule, kapanda nyanya, na ilikuwa mara ya kwanza nyanya kuonekana Ardbeith zikiwa bado na majani yake. Ukaja upepo mkavu. Akamwendea Mzee Torquil kumuuliza kama anaweza kuzimwagilia Jumapili. Mzee alifikiri muda mrefu.

"Ndama analia," alisema mwishowe. "Kuku analia. Nyanya hailii, Dolina."

Dolina akarudi nyumbani. Na ni kweli, nyanya zake hazikulia. Zilikufa kimya kimya. Kibanda sasa anawekea mabeleshi, na tangu siku ile Dolina amekuwa mtu wa kuangalia sana upande wa nyumba ya Mzee Torquil.

Effie naye zamu yake ilifika. Duncan alikuwa anafanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini, anakwenda, anarudi, anakwenda tena, na mtoto alipozaliwa yeye Effie ndiye aliyebaki na ndoo ya nepi. Jumapili moja jua liliwaka, upepo ukavuma vizuri, akazianika zote nje, nyeupe pe, mstari mmoja kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye nguzo. Waliokuwa wakitoka kanisani walizitazama kama mtu anavyotazama ajali.

Mzee Torquil alikuja kesho yake. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alisimama langoni, akavua kofia, akauliza hali ya mtoto, akampa Marsali kidole chake kikubwa akishike. Akazisifia nepi kwa weupe wake. Kisha akasema, "Jumatatu nayo ina upepo, mwanangu," akavaa kofia, akaenda zake.

Kuanzia hapo nepi za Jumapili zilianikwa ndani: juu ya jiko, kwenye migongo ya viti, kwenye kamba iliyokata jikoni huku na huku. Madirisha yalitoka jasho. Nyumba ikanuka mvuke wa nepi hadi Jumanne, na Marsali akipiga chafya Effie humkumbuka Mzee Torquil, na si kwa sala.

Ndiyo maana aliliombea gongo.

Baridi ilipoanza kuchoka, kabla miti haijachipua, Effie alimfunga mtoto mgongoni kwa shali akapanda mlimani kumtafuta kondoo wao aliyekuwa karibu kuzaa. Hakumpata kondoo. Alimkuta Mzee Torquil amelala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa, shavu chini, beleshi kando, hatikisiki.

Mawazo yake ya kwanza yalikuwa kwamba amekufa. Ya pili yalikuwa ya Dolina: kwamba amelewa.

"Usiukanyage," mzee alisema bila kugeuka.

Effie akatazama miguu yake. Pale mbele yake palikuwa na mbetula, mmoja wa ile miti ya gome jeupe linalobanduka kama karatasi, ambayo Ardbeith watu huichoma wakikosa cha kuchoma. Lakini huu haukufika hata gotini. Shina lake lilikuwa nene kama paja la mwanamume, limepasuka weusi kule chini, limejikunja, likageuka, likajikunja tena kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulala. Juu yake palikuwa na vitawi vyembamba kama nywele.

Akauliza kama ni mche. Mzee akacheka, na Effie hakuwa amewahi kumsikia akicheka. Alisema huo mti ni mkubwa wake. Alipokuwa mtoto anachunga hapa ulikuwepo na ulikuwa vile vile. Kila mwaka unachipua, na kila mwaka kondoo wanapita wanaula. Hauruhusiwi kukua wala haukubali kufa.

"Kondoo wa nani?" Effie akauliza.

"Wa Dolina," alisema mzee. "Wao, na mama zao, na bibi zao. Mimi nisingeweza kuukata vizuri hivi. Sina subira ya kondoo."

Akamweleza, bado amelala chini, kwamba kupata umbo kamili ni lazima uutazame kwa macho ya mdudu. Alikuwa na mpwa baharia, ambaye mwaka mmoja alimletea kalenda kutoka Japani, na kila mwezi una picha ya mti mdogo ndani ya chungu, mti mzima mwenye uzee wake wote, wa kubebwa na mtu mmoja. Bonsai, ndivyo wanavyoiita wenyewe. Mpwa alidhani anamwonyesha mjomba wake maajabu. Mjomba aliipekua hadi Desemba, akasema mbona hii imejaa hapa mlimani.

Kichekesho ni kwamba baba yake aliichukia mibetula kuliko mbweha. Ilikuwa ikiingia shambani kama wezi, na Torquil alikulia kwenye kazi ya kuing'oa, yeye na shoka na farasi, mpaka viganja vikawa magome. Sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza aking'oa mibetula ili ife. Uzeeni akaanza kuing'oa ili iishi, na akagundua kwamba hii ya pili ndiyo kazi.

Kwanza unaomba ruhusa kwa kamati ya malisho, nao wakishamaliza kucheka wanakupa. Kisha hung'oi. Unakata mizizi ya upande mmoja tu, unajaza changarawe na yale majani ya bwawani yanayonyonya maji kama sifongo, unaondoka. Unauacha mwaka mzima ujiulize. Ukirudi, upande ule umeota mizizi midogo, mingi, ya kunywea. Ndipo unakata upande wa pili. Na uwahi kabla macho ya majani hayajavimba.

"Ukichelewa, mti unalia," alisema. "Maji yanatoka pale ulipokata, siku na siku, hauzibiki, mpaka unajiishia."

Huu alikuwa ameukata upande mmoja mwaka uliopita. Leo alikuja kuuchukua, na mgongo ulikuwa umemgomea. Ndiyo sababu nyingine ya kulala pale chini. Effie akamlaza Marsali kwenye shali, katikati ya vichaka vifupi vya mlimani, akashika beleshi. Mzee akaelekeza. Mti ukatoka na sauti ya ng'ombe anayechomoa mguu matopeni. Mzee akaipakata mizizi, akaivika majani yaliyolowa, akaifunga gunia, akasimama nayo. Effie aliujua ule mkao wa mikono. Ndio aliokuwa nao yeye siku anatoka hospitali, anaogopa kila jiwe la njiani.

Waliteremka pamoja, kila mmoja na mzigo wake. Karibu na ukuta wa kwanza mzee alisema, bila kumtazama, kwamba amesikia Dolina anasema anapika.

"Ndiyo, mzee. Anasema."

"Afadhali," alisema. "Wiski wanaielewa."

Effie hakumwambia mtu. Gongo likaendelea kupikwa kwa maneno, likaongezewa mapipa, likapata na mteja hotelini. Yeye na Mzee Torquil, ambao ukuta wa nyuma walikuwa wanachangia, walianza kusalimiana kwa namna ya watu wanaojua kitu. Alipotandika kitanda aliweza kuiona ile miti kutoka dirishani, juu ya mbao na makasha ya samaki, kila mmoja chunguni mwake: wa kujikunja, wa kuinama kama anafua, wa mapacha. Ule mpya mzee aliuweka kwenye chungu kipana kisicho na kina, akauweka katikati, chini ya kamba ya kuanikia ambayo haikuanikwa kitu tangu mkewe afariki. Ulipotoa majani, madogo kama kucha za Marsali, mzee alisimama mbele yake na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa.

Maji hayakuwahi kuwa tatizo. Kwa kawaida Ardbeith hakuna anayemwagilia kitu. Mvua ya kule haiji; inaishi pale, na mara moja moja husafiri. Mzee alimwagilia siku za wiki zikihitaji, na Jumapili alimwagilia Mungu mwenyewe, ambaye hakuna anayemuuliza.

Halafu ukaja upepo wa mashariki, ukaamua kukaa. Mawingu yaliondoka. Kijito kilichopita nyuma ya shule kikawa uzi. Udongo mweusi wa kuchoma kama kuni, ambao watu hugombana na mvua kuukausha, ulikauka wenyewe ukapasuka. Mzee Torquil akawa anachota maji kisimani asubuhi, mchana na jioni, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na ndoo, lango la nyuma ya zizi likawa linabaki wazi.

Dolina alikwenda kuomba chumvi.

Alikaa huko muda mrefu kuliko chumvi. Aliporudi alipita kwa Effie, akaketi jikoni chini ya nepi, amevunjika moyo waziwazi.

"Hakuna kitu," alisema. "Hakuna pipa, hakuna bomba, hata chupa. Ni mibetula, bibi harusi. Ile ya kuchomea. Kaiweka kwenye vyungu kama maua ya mchungaji."

Effie akamwambia pole, shangazi, akammiminia chai. Dolina akainywa kwa huzuni. Alipofika nusu ya kikombe, Effie aliona uso wake ukianza kupata nuru, kidogo kidogo, kama mtu anayekumbuka alipoweka funguo.

"Ila vyungu hunywa kila siku," Dolina alisema. "Na Jumapili si ni siku?"

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mlangoni mwa kanisa, alimwuliza mchungaji kwa sauti laini, watu wote wakiwa bado wanatafuta kofia zao. Alitaka kujifunza tu. Kuna tofauti gani, mbele za Mungu, kati ya nyanya na mbetula. Mchungaji alikuwa kijana, alikuwa ameshasikia habari za nyanya, na hakuwa mjinga. Alimtazama Mzee Torquil.

Mzee angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kila mtu na dhamiri yake, na wengi pale walitamani aseme hivyo, kwa faida ya dhamiri zao wenyewe. Alizungusha kofia mkononi.

"Hakuna tofauti," alisema. "Mbetula nao haulii."

Na hivyo ndivyo alivyojifunga kwa kamba aliyoisokota mwenyewe.

Waliokuwa wakirudi nyumbani siku ile walitembea polepole mbele ya nyumba yake. Jumamosi jioni alikuwa ameviloweka vyungu vyote, akavifunika magunia mabichi, akavisogeza karibu na ukuta. Lakini ukuta ule ulikuwa umekula jua wiki nzima na sasa ulikuwa unalitoa, na upepo ukafanya yaliyobaki. Mchana magunia yalikuwa makavu kama mikate ya shayiri. Effie alimwona kutoka dirishani: suti nyeusi, mikono nyuma, amesimama mbele ya ule mti mpya. Majani yake yalikuwa yamening'inia kama masikio ya mbwa aliyegombezwa. Ndoo ilikuwa hapo hapo miguuni pake, imejaa, maana ilijazwa Jumamosi.

Effie alichukua jagi akaenda ukutani.

"Mzee, niache niumwagie haya. Mimi sina cha kupoteza. Nimeshaanika nepi."

Akatikisa kichwa. Alisema amri haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja na mtumishi wake, na mgeni wake pia. Nikikuona unamwaga, alisema, ni mimi nimemwaga.

"Basi geukia huko."

"Nimeshakusikia."

Effie akafikiri. Akasema, lakini mzee, ulisema mwenyewe kule mlimani kwamba mbetula ukikatwa unalia. Niliyasikia kwa masikio yangu.

Mzee Torquil hakulichukulia kama mzaha. Aliupima ule ushahidi kwa haki, hata akainama akautazama mti machoni, tuseme, kuanzia chini hadi juu. Effie alimwona jinsi alivyotamani.

"Hulia wakati wa kuchipua," alisema mwishowe. "Kwa sasa haulii." Na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfunga jela mwanawe.

Jumatatu kabla kuku hawajatoka Effie alisikia ndoo kisimani. Miti mingine ilijiinua. Ule mpya uliinuka nusu. Mbetula una tabia hiyo: ukiuonea haukulaumu, unaachia tawi. Tawi lenyewe lilikuwa lile la kushoto, ambalo kondoo wa Dolina walikuwa wamelitengeneza miaka yote ile ili kuupa mti mahali pa kuegemea. Kufikia Jumatano lilikuwa fimbo. Mizizi ya kunywea ilikuwa bado michache, mzee alisema. Ukipigwa Jumapili nyingine kama ile hautaachia tawi tena, utaachia vyote.

Wiki nzima watu wa Ardbeith walitazama mbingu, wenye majani ya kukausha wakiomba jua, na Mzee Torquil, ambaye ndiye aliyewaongoza katika kuliombea jua hilo, akiwa hapati usingizi. Alihamishia mti ndani ya zizi. Kivuli kikaanza kuufanya manjano, akaurudisha mahali pake chini ya kamba. Ijumaa alitundika juu yake ndoo yenye tundu la msumari, tone, tone, tone. Effie aliona ni akili nzuri. Lakini Dolina alikuwa akipita, akaegemea ukuta, akaitazama ndoo kwa muda.

"Na huyu mtumishi wako, mzee," alisema, "Jumapili atapumzika?"

Mzee Torquil aliitundua ndoo. Dolina aliendelea na safari yake, lakini Effie aliona kwamba hakuwa na furaha aliyoitarajia. Alikuwa amegeuka mara moja kulitazama lile tawi kavu, na mtu aliyewahi kukaa na nyanya zinazokufa huijua ile sura.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Mzee Torquil alikuja mlangoni kwa Effie. Siyo ukutani, mlangoni, kofia mkononi, kama siku ile ya nepi. Effie alipomwona alipekua Jumapili zake zote kutafuta kosa.

Akamkaribisha. Mzee aliingia ameinama, maana nepi, zilizoingizwa ndani ili Jumapili isizikute nje, zilikuwa zimekata jikoni kutoka dirisha hadi kabati, akazipita moja moja kama mtu anayepita msituni, akaketi. Alikataa chai, kisha akaikubali. Akauliza hali ya Duncan, na bahari, na mtoto. Marsali alikuwa sakafuni. Alimtazama mzee, akatazama kofia, akaanza kulia kwa nguvu zake zote, na Effie akamwinua haraka akiomba radhi.

"Mwache," mzee alisema, na alionekana kama mtu aliyeletewa shahidi kwa wakati. "Mwache alie. Ndilo nililojia."

Akasema amekuwa akifikiri. Neno lile alilosema kuhusu nepi za Jumapili, hakulipima sawasawa. Alipima nguo, akasahau kupima mtoto. Mtoto analia. Kinacholia huhudumiwa, hiyo ndiyo sheria aliyoishi nayo na hataigeuza kwa ajili ya mtu yeyote. Kwa hiyo nepi ni kazi ya lazima, tena ni ya huruma, na kufuliwa bila kuanikwa ni kazi nusu. Hilo amekwishamweleza mchungaji asubuhi ile, na atamweleza yeyote atakayeuliza, akianza na Dolina.

Effie alikaa na mtoto begani. Akawaza mvuke wa miezi yote ile, chafya, madirisha yanayotoka jasho. Alitaka kucheka na alitaka kumrushia mzee wa watu nepi iliyokuwa karibu. Alisema tu, "Asante, mzee."

Lakini mzee hakuinuka. Aligeuza kikombe kwenye sahani yake. Alisema ameiangalia kamba ya Effie, na si kamba mbaya, ila pembe ya nyumba inaizuilia upepo hadi adhuhuri. Kamba yake yeye, ile ya marehemu, inapata upepo tangu asubuhi. Imekaa bure. Mtoto akilia, ni vizuri nepi zikauke mapema.

"Ile ya nyuma ya zizi?" Effie akauliza.

"Hiyo hiyo."

"Inayopita juu ya vyungu."

"Kamba lazima ipite mahali," alisema Mzee Torquil.

Nje upepo wa mashariki ulipiga mlango, ukaondoka. Effie alimtazama: shati limefungwa hadi koo, ndevu zimeshanyolewa kwa ajili ya kesho, macho mekundu ya mtu asiyelala, yanaitazama sakafu kwa uangalifu mkubwa. Akamwambia sawa, atazileta kesho kabla ya ibada. Mzee alishusha pumzi. Akasema ni vizuri zikisuuzwa zaidi ya mara moja, kwa maji ya kisima, sabuni itoke yote, maana sabuni ni kali.

"Kwa ngozi ya mtoto," Effie akasema.

"Kwa ngozi," alikubali.

Akainuka, akainama tena chini ya nepi, akatoka. Langoni alisimama. Alimpa Marsali kidole akishike, naye akakishika, akanyamaza. Mzee akavaa kofia, akaiweka sawa, akautazama mlima.

"Na usizikamue, mwanangu," alisema.